Huo Mzinga Unaoupiga, Unajua Unajazwa Vipi?

Mie nipo hapa hapa Mji Mkongwe, joto limenishika koo, feni inazunguka kama inalazimishwa, lakini kalamu haijambo.

Mwezi huu nataka tuongee habari za mzinga. Aa, najua umeshaanza kucheka! Maana neno hili kwa Kiswahili chetu limezaa watoto watatu. Upo mzinga wa vita, kama ile ya shaba ya Wareno iliyokaa miaka na miaka mbele ya Beit al-Ajaib, watoto wakiipanda na watalii wakiipiga picha. Upo mzinga wa pili, huu unaopigwa kwa simu usiku usiku: “Bebi, mwenzio nimekwama, nirushie elfu hamsini, na usisahau ya kutolea.” Barua za akina kaka wanaolalamikia mzinga huo zimejaa mezani kwangu, na siku hizi akina dada nao wanaandika kuwa wanaume wa leo ndio mabingwa wa kupiga, tena bila haya.

Wa tatu ndio mzinga wenyewe, wa nyuki, na huyu ndiye tuliyemsahau. Tunaitana “asali wa moyo”, tunaimbiwa asali, tunakunywa maziwa na asali siku za fungate, lakini ukimuuliza mtu asali inatengenezwaje atakwambia nyuki anaitoa kwenye maua, basi. Hasha! Kwenye maua hakuna asali hata tone moja.

Nimeyaona haya kwa macho yangu kwenye kijiji kimoja pembezoni mwa Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, ile iliyotangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2004, maskani ya kima punju wetu asiyepatikana kwengine popote duniani isipokuwa Zanzibar. Nilikwenda huko siku za kaskazi, mwezi wa Rajabu ukielekea ukingoni, kwa ajili ya habari ya harusi. Kijana wa hapo, anayefanya kazi kwenye hoteli upande wa Paje, alikuwa anaoa binti wa mjini, na mama yake ana mizinga minne aliyoipanga nyuma ya shamba la minazi, hatua chache kabla hujaingia kwenye mikoko. Majina yao nayahifadhi. Mama nitamwita Bi Mkubwa, kwani ndivyo kijiji kizima kinavyomwita.

Sasa nisikilize vizuri.

Nyuki anachokifuata kwenye ua ni mbochi, yaani maji matamu ambayo ua linayatoa chini kabisa ya petali. Mengi ya maji hayo ni maji kweli, kwenye baadhi ya maua robo tatu au zaidi ni maji matupu na kilichobaki ndio sukari. Ua halitoi kwa ukarimu, lina shida yake. Linataka chavua, ule unga wa kiume, ufike kwa ua jengine ili mti uzae. Kwa hiyo mbochi ni ujira wa mshenga. Nyuki anaingia, anafyonza kwa ulimi wake mrefu kama mrija, chavua inamganda mwilini kwenye manyoya, anaondoka nayo kwenda kwa mwengine. Ushenga huo umefanyika tangu kabla hatujakuwepo, na haujawahi kuvunjika kwa sababu ya vilemba wala mikaja.

Siku ile mchu ulikuwa umechanua. Kama hujui mchu, ni ule mkoko wenye mizizi iliyochomoza juu ya tope kama vidole vya mtu aliyezikwa mchanga, maua yake madogo ya rangi ya machungwa, hata hayavutii. Hakuna bwana atakayemkatia mkewe shada la mchu! Lakini nyuki walivyokuwa wakivuma pale juu ungedhani kuna maulidi. Bi Mkubwa akaniambia, “Mwanangu, maua mazuri ya hotelini nyuki hawana haja nayo. Hawa wanaangalia kilichomo.” Nikaandika kwenye daftari palepale.

Nyuki mmoja wa kwetu uzito wake haufiki hata sehemu ya kumi ya gramu, na mzigo wa mbochi anaorudi nao unaweza kukaribia nusu ya uzito wake mwenyewe. Hebu jipime wewe, ubebe nusu yako kutoka Darajani mpaka Bububu, kwa kuruka. Mbochi hiyo haimezi. Tumboni ana mfuko maalumu wa kubebea, na kati ya mfuko huo na tumbo la chakula pana kijilango anachokifungua akihitaji kula kidogo kwa ajili ya nguvu za safari. Kinachobaki si chake, ni cha nyumba. Kuujaza mfuko huo kwa safari moja anaweza kupitia maua hamsini, mia, na zaidi, akatoka asubuhi akarudi, akatoka tena akarudi, kilomita mbili tatu kutoka kwao ni jambo la kawaida.

Na hapo ndipo wengi wetu tunadhani kazi imekwisha. Kumbe ndio kwanza inaanza.

Akifika mzingani hamwagi mzigo kwenye sega kama anayemwaga maji kwenye pipa. Anapokewa na nyuki mwengine, mdogo wake kwa umri, ambaye bado hajaanza kutoka nje. Wanagusana midomo, mbochi inahama kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwengine. Huyu aliyepokea anaitoa kidogo kidogo mpaka kwenye ulimi, tone linakaa nje linapigwa na hewa, analirudisha ndani, analitoa tena, kwa dakika kumi na tano, ishirini. Huku akifanya hivyo anaichanganya na vimeng'enya vya mwilini mwake. Kimeng'enya kimoja kinaikata ile sukari ya ua, ambayo ni sukari ile ile ya kwenye chai yako, kuwa sukari mbili nyepesi zaidi, glukosi na fruktosi. Chengine kinaitia ukali kidogo wa asidi na kuzalisha haidrojeni peroksaidi, dawa ile ile inayouzwa maduka ya dawa kwa kusafishia vidonda. Ndiyo maana wazee wetu walipopaka asali kwenye kidonda hawakuwa wajinga, na Waislamu wenzangu wanajua kuwa Qurani ina sura nzima yenye jina la nyuki, An-Nahl, sura ya 16, inayotaja tiba iliyomo ndani ya kinywaji chake.

Baada ya hapo tone linatundikwa kwenye kijumba cha nta chenye pembe sita, na linaanza kupepewa. Usiku, mpenzi msomaji! Wewe umelala, feni imekatika kwa umeme, na wao ndio kwanza wamejipanga kwa safu wanapiga mbawa ili hewa yenye unyevu itoke mlangoni na kavu iingie. Bi Mkubwa alinipeleka baada ya isha nikasikilize. Nilisimama hatua kadhaa nyuma, mtandio nimejifunika mpaka puani. Mzinga unavuma kama friji ya zamani. Na harufu! Sijui niielezeje, tamu, nzito, kidogo kama hamira, inatoka kwenye kile kitundu cha mlangoni na kukupiga usoni. “Wanapika,” akasema. Kweli wanapika, ila bila moto. Ndani ya mzinga joto lao wanalishikilia karibu nyuzi 35 na kazi yao ni kuyaondoa maji mpaka yabaki chini ya sehemu moja kwa tano, kwa kawaida asilimia 17 au 18. Kama mbochi ilikuwa na sukari robo tu, basi zinahitajika kilo tatu na ziada zikaushwe ndipo ipatikane kilo moja.

Ikishaiva, na wao wanajua imeiva bila mizani wala maabara, wanakifunika kila kijumba kwa kifuniko chembamba cha nta. Kifuniko kile ndio muhuri. Sega lenye muhuri ni asali. Sega lisilo na muhuri ni mbochi iliyo njiani, tuseme ni mchumba, hajawa mke.

Na hapo ndipo ilipozuka kasheshe katika nyumba ya Bi Mkubwa.

Kijana wao alikuwa amebakiza sehemu ya mahari, na godoro. Harusi ilipangwa ndani ya Shaaban, kama ilivyo desturi ya wengi wetu kuwahi kabla ya mfungo, maana ikipita hapo ni mpaka Mfunguo Mosi. Hotelini mambo hayakuwa mazuri, bakshishi zimekauka, kijana akapiga simu kwao. Mzinga huo! Baba yake, mzee mmoja mpole sana anayevua kwa madema, akasema hakuna tabu, mizinga ipo minne, ifunguliwe yote, asali irinwe, ipelekwe mjini kwa chupa, kijana atumiwe.

Bi Mkubwa alifungua mmoja mbele yetu. Akawasha makumbi ya nazi kwenye bomba la moshi, akapuliza mara mbili tatu mlangoni, akanyanyua ubao. Moshi unawafanya nyuki wadhani moto unakuja, wanakimbilia kujaza matumbo asali, na nyuki aliyeshiba kama mtu aliyeshiba, ugomvi unampungua. Sega la kwanza lilikuwa na muhuri juu kidogo tu, chini kote vijumba viko wazi vinameta. Akaliinamisha, matone yakachuruzika kama maji ya sharubati. Akalirudisha polepole, akafunika.

“Bado,” akasema.

“Bado nini, bi?” mumewe akauliza. “Si asali hiyo?”

“Si asali. Ni maji ya watu.”

“Nani huko mjini atakayejua?”

“Mie nitajua.”

Nakwambia pale palipita kimya, mpaka mzee akajifanya anaangalia minazi. Na hoja yake msiicheke, kwani ndiyo inayoendesha nusu ya asali inayouzwa barabarani. Ukiitazama kwenye chupa iliyooshwa ya maji ya kunywa, mbichi na iliyoiva zinafanana. Tofauti inakuja baadaye. Asali iliyobaki na maji mengi ina chachu ndani yake zinazosubiri nafasi, na kwa joto na unyevu huu wetu wa visiwani hazisubiri sana. Baada ya wiki kadhaa chupa inafura, inatoa povu, ukiifungua inafoka kama soda, na ladha ni ya pombe. Mteja hatorudi, tena atawatangazia na jirani zake kuwa asali ya kijiji fulani ni feki.

Kusubiri nako kuna hatari zake, tusijidanganye. Nyuki wetu wa pwani, ambaye wataalamu wanamwita Apis mellifera litorea, ni mdogo, mchapakazi, na hana subira na usumbufu. Ukimsumbua sana, au maua yakiisha, au sisimizi wakiingia, hakuandikii barua ya malalamiko. Anashiba asali yake na kundi zima linahama, unaukuta mzinga mtupu na masega yamekauka. Kwa hiyo ukirina mapema umeharibu, ukichelewa unaweza kukosa yote.

Sasa acha nikuchekeshe kidogo kabla hatujafika kwenye harusi, kwani najua akina dada mnasubiri sehemu hii. Kazi yote niliyoieleza, ya kufyonza, kubeba, kupokea, kukausha, kupepea, kujenga nta, kulea watoto, kulinda mlango, inafanywa na majike peke yao! Nyuki vibarua wote ni wa kike. Wiki tatu za mwanzo za maisha yake anafanya kazi za ndani, anapanda cheo kwa umri, kutoka usafi kwenda ulezi, kwenda kupokea mbochi, kwenda ulinzi, kisha ndio anatoka nje kutafuta, na baada ya wiki nyengine tatu hivi mbawa zimechanika na amekufa. Inakadiriwa kwamba katika uhai wake wote atakuwa ametengeneza sehemu moja ya kumi na mbili ya kijiko cha chai. Vijiko viwili unavyotia kwenye chai ya tangawizi ni maisha ya nyuki ishirini na nne.

Na dume? Dume hana mwiba, hakusanyi kitu, anakula kilichowekwa na dada zake na kazi yake ni moja tu, kumsubiri malkia angani. Akimpata anafia hapo hapo. Asiyempata anarudi nyumbani kula, na njaa ikiingia anatolewa nje mlangoni. Akina kaka msinitumie matusi, sijawaumba mimi! Malkia naye msimuonee gere. Katika siku za mwanzo za maisha yake anapaa kukutana na madume kumi au zaidi, anahifadhi mbegu zao mwilini kwa miaka, na baada ya hapo ni kutaga tu gizani, mayai elfu moja na zaidi kwa siku msimu wa neema, hajui mchu unafanana vipi. Ufalme gani huo? Mie nilimaliza kumsikiliza Bi Mkubwa nikaona bora niwe kibarua, angalau nitaona mikoko.

Kwa kuwa nimesomea mawasiliano chuoni, lipo moja ambalo siwezi kulipita. Nyuki aliyegundua maua mengi haendi kujilia peke yake. Anarudi, anapanda kwenye sega, gizani, na anacheza. Anatembea mstari mfupi akitikisa kiuno (ndiyo, kiuno, kama kwenye unyago!), anazunguka, anarudia. Ule mwelekeo wa mstari wake ukilinganisha na kwenda juu, ndio mwelekeo wa maua ukilinganisha na jua. Muda anaotikisa ndio umbali. Wenzake wanamgusa kwa vipapasio, wanainusa harufu ya ua mwilini mwake, kisha wanatoka na kwenda moja kwa moja. Aliyeifumbua lugha hiyo ni mwanasayansi wa Austria, Karl von Frisch, na mwaka 1973 akapewa Tuzo ya Nobel pamoja na wenzake wawili, Konrad Lorenz na Nikolaas Tinbergen. Tulipokuwa chuoni tulikaririshwa nadharia za mawasiliano za Wamarekani kurasa kwa kurasa, na hakuna mhadhiri aliyetutajia mdudu anayesema mahali chakula kilipo, umbali wake, na harufu yake, kwa kiuno.

Haya, turudi Unguja. Utaniuliza, mbona sisi ni visiwa vya viungo na asali yetu hainuki karafuu? Jibu lake lilinishangaza. Karafuu unayoitia kwenye pilau ni tumba la ua. Tunalichuma kabla halijachanua, kwani likichanua thamani yake inashuka. Kwa hiyo mkarafuu unaovunwa vizuri hauna cha kumpa nyuki, tumemtangulia. Anayeona maua ya mkarafuu ni nyuki wa mti uliosahauliwa. Na vanila ndiyo kabisa. Mmea huo asili yake ni Mexico, wadudu wanaoujua wako huko huko, hapa ua linachanua asubuhi moja na nyuki wetu hajui alifanye nini. Ndiyo maana kwenye mashamba ya viungo utamkuta mtu na kijiti, anafungua ua moja moja na kuwakutanisha dume na jike kwa mkono. Ufundi huo aliubuni mtoto wa miaka 12 aliyekuwa mtumwa katika kisiwa cha Réunion, Edmond Albius, mwaka 1841. Mshenga mwenye kijiti!

Wanaomlisha nyuki wetu hasa ni wengine, wasio na makuu. Mnazi, ambao unatoa maua mwaka mzima na haujali kusi wala kaskazi. Mwembe kwa msimu wake. Mpera, mndimu. Na mikoko. Mkoko unaokatwa kwa boriti na mkaa ni meza ya chakula inayovunjwa, na Bi Mkubwa alinionyesha upande mmoja wa tope, nje ya eneo linalolindwa, ambako visiki vimebaki kama meno ya kizee. Zamani, anasema, alitundika mzinga upande ule. Hausogelei siku hizi.

Hizi habari za miti na asali hata majina ya mitaa yetu yanazijua. Ndugu zetu walioko Muscat wakija likizo hupenda kuleta asali ya sidri, na huko Omani asali hiyo inaheshimiwa sana, watu wanainunua kwa bei ya kuozea mtoto. Sidri ni nini? Ni ndugu wa damu wa mkunazi. Ndiyo, mkunazi ule ule uliowapa watu wa Mkunazini jina la mtaa wao. Tunaletewa kwa ndege asali ya mti ambao jamaa yake ametupa jina hapa mjini, na asali ya mikoko ya Chwaka tunaikuta imewekwa chini ya meza Darajani. Bara nako, asali ya miombo ya Tabora inajulikana, na Tanzania kwa jumla inatajwa ya pili Afrika kwa uzalishaji wa asali, nyuma ya Ethiopia.

Basi harusi ikawaje? Usiku ule baba na mama hawakuongea sana. Asubuhi kijana akapiga simu tena, Bi Mkubwa akamweleza kwamba asali haijaiva, anaweza kumpa masega mawili yenye muhuri kamili na hakuna zaidi, mengine yanataka wiki tatu. Kijana akaona aibu kubwa, atawaambia nini wakwe? Akamficha mchumba wake siku mbili nzima. Halafu binti mwenyewe akapata habari kwa shoga yake, na akampigia Bi Mkubwa moja kwa moja. Nilikuwepo, simu ilikuwa imewekwa sauti ya nje.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu.”

“Mama, nasikia unataka kuwafungulia nyuki kwa sababu yangu.”

“Sitaki mie. Wanataka wenzangu.”

“Basi usiwafungue. Kwani mie naungua? Nitawaambia nyumbani tusogeze mpaka Mfunguo Mosi.”

Bi Mkubwa aliziba mdomo kwa upande wa kanga, sijui alikuwa anacheka au analia. Wasomaji wangu wengi mngesema binti mjinga, ameiachia tarehe, kadi zimeshachapwa. Mie namvulia mtandio. Wazee wa binti hawakupendezwa, hilo nilisimuliwa baadaye, mjomba mmoja alitishia kutohudhuria kabisa. Na kijana sitamsema vibaya, kwani anayefanya kazi kwa kutegemea msimu wa watalii mizinga yake mingi si ya tamaa, ni ya njaa. Lililoniudhi kwake ni kumficha mchumba. Siku mbili zile zilimuumiza binti kuliko suala la godoro.

Wiki tatu zilipokwisha mizinga mitatu ilirinwa, masega yamefungwa kwa muhuri mpaka chini. Wa nne sisimizi walikuwa wameuvamia, kundi likahama, hawakukuta hata nyuki mmoja wa kuulizia njia. Ramadhani watu wa mjini wanapenda kitu kitamu kwenye futari, chupa zikaisha kabla ya kumi la kati. Mahari ikatimia. Godoro likapatikana kwa upatu wa Bi Mkubwa na wenzake, zamu yake ilikuwa bado, wakambadilishia. Harusi ikafanyika Mfunguo Mosi mvua ikinyesha kama imealikwa, na mjomba alikuja.

Kwa kuwa wengi mmeniuliza, nimalizie na mambo ya jikoni. Lile jaribio la kuchovya njiti ya kiberiti, au kudondosha asali kwenye maji, au kutazama kama sisimizi wanaila, haliaminiki. Shira nzito ya sukari inaweza kufaulu mitihani yote mitatu, na asali halisi ikafeli. Kinga kubwa ni kumjua anayekuuzia, na ukiweza nunua ikiwa ndani ya sega lake lenye muhuri. Nyumbani ifunike barabara, maana asali inavuta unyevu wa hewani, na hewa ya Mji Mkongwe unaijua ilivyo, hata chumvi inalowa.

Na hili naliomba kwa wenye watoto wachanga: mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asipewe asali, hata ya kulambishwa kwa kidole. Asali inaweza kubeba mbegu za vijidudu ambavyo kwa mtu mzima havina madhara, lakini kwenye tumbo changa vinaota na kutoa sumu inayolegeza misuli, mpaka ya kupumulia. Kuichemsha jikoni hakuziui mbegu hizo. Bibi akija na kichupa chake kwa mapenzi yote, mwambieni kwa adabu, kichupa kiwekwe mpaka mtoto avuke mwaka.

Bibi harusi wetu alinipigia wiki iliyopita. Chupa aliyopewa na mkwewe imeganda, imekuwa na punje punje kama sukari, na mumewe anasema labda mama yake naye ameanza kuchanganya. Nikamwambia amjibu mumewe aone haya. Asali halisi huganda, ile glukosi ndiyo inayojitenga na kuwa punje, hasa ukiiweka kwenye friji. Aitoe, aiweke ndani ya sufuria ya maji ya vuguvugu yasiyochemka, itarudi yenyewe. Tukutane mwezi ujao, inshallah.